Mlio wa Mashine Tupu

Niliisikia mashine ya kusaga ya mama kabla sijaiona nyumba. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeifunika Sumbawanga, na niliposhuka kwenye basi, barabara ya Kaengesa, mbele yangu palikuwa peupe tu. Lakini mlio ule niliujua. Mashine yenye mahindi ndani huunguruma kwa sauti nzito. Huu ulikuwa mwembamba, mkali, kama wa mtu anayelia bila machozi. Mashine ilikuwa inazunguka tupu.

Nilimkuta mama amesimama kando yake, khanga mabegani, mikono haina kazi. Mteja hakuwepo. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaniambia bila kunitazama kwamba mashine ikinyamaza asubuhi moja tu, mtaa mzima husema imekufa, na watu wakishapeleka madebe yao kwingine hawarudi. Kwa hiyo alikuwa akinunua umeme na kuuchoma bure. Mahindi yote yalikwenda kwenye kiwanda kipya kule chini, kinachouza sembe nyeupe kwenye mifuko yenye picha. Ulibaki ulezi, ambao kiwanda hakiutaki, na hata huo haukuwa ukija.

Mashine hiyo ndiyo iliyonisomesha. Mikono inayoandika haya ilikua ikinuka pumba.

Jua lilipotoka akaja mfanyabiashara wa Mbeya. Alitaka kununua mota, na mama alikuwa amemwita mwenyewe aje kuchukua jibu. Alimpa shikamoo kwa adabu, akaizunguka mashine, akasema ni nzima, akauliza kama aanze kufungua nati.

Mama alikuwa hajajibu alipoingia bibi jirani na ungo kichwani. Nyuma yake walikuja wanawake wengine, kila mmoja na kimea chake cha ulezi, cha pombe ya wavunaji.

"Mwanangu," bibi alisema, "mashine yako inalia njaa tangu juzi. Ulidhani tumelala?"

"Kumbe mlijua?"

"Hata kuku wangu wanajua. Kimea ndicho kilichokataa kukauka kwa baridi hii. Haya, pokea."

Mama aliupokea ungo, akamimina. Mlio ukashuka, ukajaa, hadi nikausikia kifuani. Akasimama akiusikiliza kwa muda, mkono juu ya bati linalotetemeka.

"Iache," akamwambia mgeni. "Bado inakula."

Mgeni alijikung'uta unga kwenye suruali. Alisema atapita tena baada ya mavuno, na mama hakumkataza. Hadi leo sijui kama kimea kile kililipa hata umeme wa asubuhi ile. Nje upepo ulikuwa umeanza kuvuma, na upepo wa Ufipa huuchukua unga wa ulezi kama moshi. Mama alimsindikiza hadi kizingitini, akamtakia safari njema, akafunga mlango nyuma yake.