Mgeni Mwenye Kuchechemea

Mimi fisi namwogopa mpaka leo. Anayenicheka hajakutana naye mchana kweupe, nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Enzi hizo za Mwingereza mume wangu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, nami nikiishi Mtinko kwa wakwe zangu na mtoto wangu wa kwanza. Baba mkwe alizaliwa baada ya ndugu zake kufa mmoja baada ya mwingine, basi akaitwa Fisi ili kifo kimwone hana maana. Na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, akilitamka anatozwa mbuzi na aibu juu. Kwa hiyo hata mnyama mwenyewe nilimwita "yule anayechechemea".

Asubuhi moja ya masika nilimlaza mtoto kwenye ngozi ya mbuzi kando ya kinu, nikasogea hatua chache kuchuma mlenda. Nilipoinuka, fisi alikuwa amesimama kati yangu na mtoto. Nikamwita mama mkwe aliyekuwa jikoni.

"Mama! Yule anayechechemea amekuja!"

Sasa, jirani yetu mmoja, mzee aliyemwita mwanangu mjukuu, naye alikuwa na mguu mbovu. Mama mkwe akajibu kutoka ndani, "Mpe kigoda akae, nakoroga uji!"

"Mama, anamtazama mtoto!"

"Mwache amtazame, si mjukuu wake?"

Fisi akainama, akaanza kunusa unyayo wa mwanangu. Hapo nikasahau mwiko, nikasahau adabu zote nilizofundwa. Nikapiga ukelele: "Fisi! Fisi! Fisi!"

"Naam!" Baba mkwe akaitika kutoka zizini, akaja mbio na fimbo yake.

Fisi akashtuka, akaikwapua ngozi na kutimka nayo. Mtoto akabiringika kwenye tope akilia, mzima. Mama mkwe naye akatokea na kibuyu cha uji, akauliza mgeni kaenda wapi.

Nilimkumbatia mwanangu, ndipo hofu ya pili ikaniingia. Nilikuwa nimelitaja jina lile, tena mara tatu. Nikapiga magoti, nikajifunika uso kwa kaniki yangu, nikingoja hukumu.

Baba mkwe hakuwa na ruhusa ya kusema nami moja kwa moja. Akakigeukia kinu.

"Ewe kinu, mwambie huyo mama: nimeitwa, nimekuja. Hakuna mbuzi hapa."

Kisha akaketi palepale kwenye tope, maana hata miguu yake ilikuwa ikitetemeka.