Wadudu wa Misufi ya Leta

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa sayansi katika shule ya mapadri karibu na Kasongo, na nilifuga wadudu chini ya kitanda changu. Sikumwomba mtu ruhusa. Jibu nililijua, na sikuona kwa nini nimpe mtu nafasi ya kunikatalia.

Darasani pia tulisoma wadudu. Padri aliyetufundisha biolojia alikuwa na kitabu chenye picha za rangi, na kwa majuma mengi alituchorea ubaoni mbawakawa mmoja wa Ulaya, anayekula majani ya miti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Tulikariri miguu yake, mabawa yake, matundu anayopumulia. Na huku nje, kwenye ukuta uleule wa darasa, nyigu walikuwa wakijenga nyumba ya udongo. Siku moja nikanyoosha mkono nikauliza kama tungeweza kutoka tukawatazame.

"Wale hawamo katika programu," padri alisema.

"Lakini wako hai, padri. Huyu wa ubaoni hatujamwona."

Darasa zima likacheka. Nikapewa adhabu ya kufyeka majani uwanjani, na humo majanini nikakuta viwavi wa aina ambayo sikuwa nayo. Nikawatia mfukoni na kurudi nao bwenini.

Chupa za kufugia nilizipata mjini. Jumapili mchana tuliruhusiwa kutoka; wenzangu walikwenda kucheza mpira, mimi nikaenda kwenye duka moja karibu na msikiti. Kijana wa rika langu alikuwa akimsaidia baba yake hapo kuuza vitambaa, chumvi na mafuta ya taa. Hakusoma shuleni kwetu. Baba yake aliambiwa kwamba mtoto atapokelewa akibatizwa, naye mzee akajibu kuwa mtoto wake ana dini tayari, hahitaji ya pili. Basi rafiki yangu alisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu wa mtaani, na Kifaransa akajifundisha mwenyewe kwa kusoma makopo na katoni za dukani. Ndiye aliyeniwekea chupa za jamu zilizokwisha. Halafu Jumapili moja akanipa lenzi ya miwani ya marehemu babu yake, imepasuka ukingoni lakini katikati nzima.

"Babu alisomea dini," alisema. "Wewe utasomea nini?"

"Miguu ya sisimizi."

Akafikiri kidogo. "Sawa, nao wameumbwa. Lakini mimi nitatazama kwanza."

Tukalala kifudifudi nyuma ya duka, mashati yote vumbi, tukipokezana ile lenzi juu ya sisimizi aliyekuwa akiburuta punje ya sukari. Tulibishana kama anaona au ananusa tu, mpaka baba yake akaita mara ya pili. Sijawahi kuwa na somo zuri kama lile ndani ya ukuta wowote.

Chupa zangu zilikamatwa siku ya usafi. Padri wa nidhamu alizitoa chini ya kitanda moja moja, akazipanga sakafuni mbele ya wenzangu, akaniamuru niwamwage wadudu na kuwaponda kwa kiatu.

"Hapana, padri," nilisema.

"Umeletwa hapa kusoma sayansi, si kuchezea uchafu wa porini."

"Padri, hii ndiyo sayansi."

Akanipiga kofi, akawaponda mwenyewe. Sikulia, nilikitazama kiatu chake mpaka alipomaliza. Jumapili zangu zote zikafutwa hadi mwisho wa muhula. Lenzi hakuipata. Nilikuwa nimeifunga kwa uzi na kuivaa shingoni chini ya shati, mahali wenzangu walipovaa medali ya Bikira Maria.

Likizo kubwa ilipofika, nilirudi kwetu Kabambare juu ya lori la pamba, nimeketi kwenye magunia matupu. Siku zile pamba haikuwa hiari ya mtu. Kila mwanamume alipimiwa shamba lake na agronomi, yule Mbelgiji aliyesimamia kilimo, na asiyelima alifungwa. Baba yangu alilima. Lakini msimu ule pamba yake ilitoka na madoa, manjano na hudhurungi, kama kitambaa kilichomwagiwa chai.

Siku ya kuuza pamba nilisimama nyuma yake. Agronomi alitumbukiza mkono ndani ya kikapu, akatoa konzi ya pamba yenye madoa, akaiinua watu wote waione.

"Uvivu," alisema. "Umeiacha shambani ikaoza."

"Bwana, nilivuna kila siku. Uliza majirani."

"Majirani zako wavivu kama wewe."

Baba na wanaume wengine wa upande wetu wakapelekwa gerezani palepale kwenye posti, yaani makao ya Leta, kama tulivyoiita serikali ya Wabelgiji. Baba alinipita bila kunitazama. Nilijua ni kwa sababu hakutaka nimwone uso.

Kulipokucha nikaingia shambani kwake na lenzi yangu. Sikukaa sana kabla ya kuwaona: wadudu wekundu wenye alama nyeusi mgongoni, wamejazana kwenye vitumba vya pamba, kila mmoja amedunga mdomo wake mwembamba kama sindano. Nikawachukua, nikawafungia ndani ya chupa pamoja na kitumba kizima kisicho na doa. Baada ya siku kadhaa nikakipasua. Ndani, pamba ilikuwa imegeuka manjano kuzunguka kila mbegu iliyofyonzwa.

Hapo ningeweza kuridhika, lakini nilitaka kujua wanatoka wapi. Nikazunguka mashamba ya watu. Shamba lililonifumbua macho ni la mjomba, kaka ya mama, mtu mvivu ambaye hata hakujificha. Lilikuwa ng'ambo ya mto, mbali na posti, majani yamefika kiunoni. Na pamba yake ilikuwa nyeupe, safi kabisa.

"Mjomba, pamba hii unaifanyia nini?"

"Mimi?" Alikuwa amelala kwenye mkeka. "Siifanyii kitu, mwanangu. Hata kuivuna nimechoka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kama uvivu ndio uliochafua pamba, ya mjomba ingekuwa nyeusi tii. Nikaanza kurudi kuelekea posti, nikitazama shamba baada ya shamba, na kadiri nilivyokaribia ndivyo madoa yalivyozidi. Shamba letu lilikuwa la kwanza kutoka kwenye barabara ya Leta. Na ile barabara, tangu nyumba ya administrata, mkuu wa posti, hadi ofisi ya agronomi, ilipandwa misufi pande zote mbili, mirefu, iliyopangwa mistari kama askari. Matunda yake yalikuwa yameanza kupasuka. Chini, kati ya sufi na mbegu zilizoanguka, ardhi ilikuwa nyekundu na ilikuwa ikitembea.

Niliwafuga wale nao, kwa mbegu za msufi tu. Wakataga, mayai yakaanguliwa. Nilipowaweka chini ya lenzi pamoja na wale wa shambani, sikuona tofauti yoyote.

Basi nikachukua chupa yangu nikaenda barazani kwa agronomi. Alikuwa akiandika.

"Iko nini?" aliuliza.

"Ni hawa wanaochafua pamba, bwana. Wanazaliana kwenye misufi yenu."

"Yetu?"

"Ya Leta. Baba yangu hakuipanda."

Akaweka kalamu chini. "Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Toka nje kidogo, bwana, utaona mwenyewe. Si mbali, wako hapo mbele ya mlango wako."

Nilimwona akitazama barabarani, kwa kufumba na kufumbua tu, kisha akajirudisha. Uso ulikuwa umemwiva. "Unasema Leta ndiyo inaharibu pamba?"

"Nasema wadudu, bwana. Na baba yangu yuko gerezani kwa ajili yao."

"Ondoka kabla sijaita polisi."

Niliondoka. Chupa niliiacha juu ya makaratasi yake.

Jioni nilimsimulia mama yote. Alikuwa akitwanga muhogo, na hakuacha kutwanga. Mwishoni akauliza neno moja tu: "Kwa moto wanakufa?"

"Wanakufa, mama. Wachanga hata mabawa hawana."

Asubuhi yake aliondoka na ufagio. Nilimfuata. Njiani wake wa wale wanaume waliofungwa walitoka majumbani mwao mmoja mmoja na mifagio yao na vikapu, na tulipofika kwenye misufi tulikuwa kundi kubwa. Mama akainama chini ya mti wa kwanza, mbele kabisa ya nyumba ya administrata, akaanza. Polisi akaja mbio.

"Mama, munafanya nini hapa?"

"Tunafagia."

"Nani aliwatuma?"

Mama akanyooka, mkono kiunoni. "Barabara ya Leta ikiwa chafu, munatufunga. Tukiisafisha mutatufunga pia? Basi leteni kamba, tuko hapa."

Polisi akasogea pembeni. Wanawake walikusanya mbegu, maganda, sufi na wadudu, wakarundika, wakawasha moto. Moshi ulikuwa mchungu, ukaingia moja kwa moja barazani kwa agronomi. Alitoka na kikombe mkononi, akasimama, akatutazama. Hakuna mwanamke aliyemsalimu na hakuna aliyekimbia. Akarudi ndani akafunga madirisha. Walirudi tena na tena kufagia mpaka waume zao walipoachiliwa, na siku za mwisho yule polisi mwenyewe alikuwa akiwaonyesha kwa kidole mahali walipobakiza.

Msimu uliofuata madoa hayakwisha, nisiseme uongo. Lakini yalipungua sana, na baba alipeleka vikapu vyake bila mtu kumwita mvivu mbele ya watu. Misufi ilibaki imesimama, na wanawake waliendelea kufagia chini yake.

Mimi msimu huo sikuwa tena mwanafunzi wa mapadri. Niliporudi shuleni baada ya likizo ile, malalamiko ya agronomi yalikuwa yamenitangulia. Mkuu wa shule alinisukumia karatasi nyeupe.

"Andika barua ya kuomba radhi. Kwamba ulikosa adabu, na kwamba ulikosea."

"Ya adabu naweza kuiandika, padri. Kwamba nilikosea kuhusu wadudu, siandiki."

"Yote mawili, au ufunge sanduku lako."

Nikarudisha karatasi kama ilivyokuwa.

Nilipokuwa nikitoka na sanduku langu, padri wa biolojia alikuwa mlangoni. Nilidhani atanikaripia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mayai yao yana rangi gani?"

"Manjano, padri. Baadaye yanakuwa rangi ya chungwa."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia darasani. Hakunitetea.

Rafiki yangu alikuja na baiskeli ya dukani, akafunga sanduku nyuma. "Karibu nje," alisema, na tulicheka wote wawili njia nzima hadi kwenye lori la Kabambare, kicheko cha watu ambao wakiacha kucheka watafanya jambo jingine.

Nyumbani majirani walimshauri baba anirudishe Kasongo nikapige magoti. Wengine walisema nimemaliza bahati ya ukoo. Baba aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Mimi nilifungwa kwa kosa la wadudu," aliwaambia. "Huyu amefukuzwa kwa kusema ni wadudu. Nani kati yetu aende kuomba radhi?"

Masomo niliyamalizia mbali, miaka ya baadaye, Wabelgiji walipokwisha kuondoka. Lakini juma lile baba alinipeleka nyuma ya nyumba, akakanyaga mstari kwenye udongo kwa kisigino, akasema kona hiyo ni yangu, nipande ninachotaka kukichunguza. Nilipanda karanga. Za watu wengi zilikuwa zikinyauka, na hakuna aliyejua kwa nini.