Namba Chini ya Boksi

Mama Gundi hakuwahi kufika dukani akaangalia bidhaa kwanza. Kwanza aliangalia boksi lililoileta. Akiliona limetupwa nje ya mlango, ataliinua, atalipindua, atasoma chini yake, kisha atanusa kona. Wapita njia wasiomjua walidhani ni mwokota takataka. Yeye hakuwa na muda wa kuwaeleza, maana mtu asiyejua gundi utaanza kumfundisha wapi? Miaka ishirini na tisa alisimama kwenye mashine ya gundi katika kiwanda cha maboksi kule mwisho wa barabara ya lami, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu.

Kiwandani kila mtengeneza maboksi alikuwa na namba, na namba hiyo ilikaa kwenye muhuri mdogo wa mpira uliopachikwa kwenye mashine yake. Boksi likipita, linagongwa chini. Gundi ikiachia njiani na mteja akalalamika, inajulikana mara moja ni mkono wa nani. Mtu akistaafu au akifariki, wenzake huung'oa muhuri wake, huusafisha kwa mafuta ya taa, na kumkabidhi mwenyewe au mjane wake. Namba imefungwa. Hakuna mwingine atakayeitumia tena. Jambo hilo halikuandikwa popote, lakini hata yule meneja wa zamani, aliyekuwa akigomba mpaka na feni, hakuthubutu kulivunja.

Namba ya Mama Gundi ilikuwa ishirini na mbili. Ya marehemu mumewe, aliyefanya kazi mashine ya jirani, ilikuwa kumi na saba. Mihuri yote miwili ilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na hati za hisa ambazo wafanyakazi waligawiwa mwaka kampuni ilipoingia soko la hisa. Siku mbili kabla ya kukata kauli, mumewe alimshika mkono akamwambia, "Hisa zile usiuze. Kile kiwanda ni sisi." Hakuuza, wala hakuwahi kulifikiria.

Jumatatu moja asubuhi, nje ya duka la dawa, alipindua boksi la dawa za kikohozi akakuta namba kumi na saba.

Akavaa miwani, akasoma tena. Ilikuwa ile ile, saba yake imeinama kidogo kama kawaida. Mumewe alikuwa na miaka minne kaburini. Akajiambia hili ni boksi la zamani lililosahaulika ghalani, akanusa kona, na gundi ilikuwa mbichi, haijamaliza hata wiki. Ndipo akafunua kifuniko cha kushoto. Ndani ya gundi iliyokauka kulikuwa na alama ya dole gumba, fupi, lisilo na ncha.

Mashine ilimkata mumewe ncha ya dole mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Tangu hapo alikuwa na mazoea ya kubonyeza kona ya kushoto ya boksi la kwanza la kila zamu, kwa dole lile lile, akidai kwamba gundi ikishamwonja haitamuuma tena. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mkewe pia alimcheka, na sasa alisimama kando ya barabara jua likimpiga utosini, amekumbatia boksi tupu, na alikuwa anaogopa.

Nyumbani alishusha kopo. Muhuri wa kumi na saba ulikuwapo. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka katikati, usingeweza kugonga hata karatasi ya chooni.

Angekuwa peke yake angenyamaza, lakini hakuwa peke yake. Yeye na watu watatu walikuwa na kikundi cha hisa: shemeji yake fundi cherehani, ambaye ni mdogo wa marehemu, kisha mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, na muuza dawa wa lile duka. Hao watatu walinunua hisa za kiwanda kwa kufuata neno lake, na Jumatano alasiri walijaa sebuleni kwake wakisubiri neno jingine. Kampuni ilikuwa imetoa hisa mpya, na mwisho wa mwezi dirisha la kuzinunua lingefungwa. Shemeji alikuwa tayari kuuza cherehani mbili kati ya tatu. Mwalimu alikuwa tayari kuweka kiinua mgongo chake chote.

"Redio nzima inaimba wimbo mmoja," alisema shemeji. "Wachambuzi wote wanasema nunua. Mauzo yamepanda mara mbili, shemeji! Mara mbili! Na mifuko ya plastiki ndiyo hiyo inapigwa vita kila kona. Dunia nzima itataka boksi."

Mwalimu alivaa miwani akafungua ripoti ya mwaka aliyoipigia mistari kwa wino mwekundu, kana kwamba kampuni ilikuwa imefanya mtihani. "Tazama hapa. Mauzo mara mbili, lakini wafanyakazi ni wale wale, tena wamepungua. Huo ndio unaoitwa ufanisi."

"Mimi bei ndiyo inanitisha," alisema muuza dawa. "Imepanda kuliko faida. Watu wananunua kwa sababu watu wananunua."

"Wewe hata mvua ikinyesha unatishika," shemeji alimkata. Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Bibi harusi, mbona umepiga kimya? Au mpaka tukupose upya?"

Siku nyingine angemrushia neno, maana utani wa mashemeji hao haukuwa na likizo. Siku hiyo alimtazama tu. Mwalimu alikuwa amesema wafanyakazi wamepungua. Yeye alikuwa akijiuliza maboksi hayo basi yanatengenezwa na nani.

"Ijumaa wenye hisa tumealikwa kutembelea kiwanda," alisema. "Nipeni mpaka nirudi. Yeyote asitie saini popote."

Kesho yake alizunguka. Duka la sabuni, duka la viatu, ghala la unga, kote alipindua maboksi. Alikuta namba tisa, ya fundi kengeza aliyefariki kwa pumu. Alikuta thelathini na moja, ya yule mama wa kicheko aliyezikwa akiwa na mimba. Alikuta nne, kumi na mbili, na kumi na saba tena mara sita. Gundi zote zilikuwa mbichi. Namba ya mtu aliye hai hakuikuta hata moja. Aliyabeba maboksi hayo akayapanga ukutani sebuleni, na alasiri, jua lilipopasha chumba, yalikuwa yakitoa mlio mkavu wa kualika, moja hapa, jingine kule, kama vidole vinavyonyooshwa baada ya kazi.

"Mama, yatoe haya," alisema binti yake aliporudi kazini. "Nyumba inanuka kiwanda."

"Ndiyo," alijibu mama. "Hata mimi nasikia."

Ijumaa saa nne na robo alikuwa langoni. Mlinzi alikuwa Kibiriti, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, ambaye zamani alikuwa msaidizi wake kwenye gundi. Waliamkiana kwa furaha, akasogezewa daftari la wageni, akaandika huku akipiga soga. Kibiriti aliposoma alichoandika, furaha ilimtoka usoni.

"Dada, umeandika namba."

Kweli. Mkono wenyewe ulikuwa umeandika 22, kama ulivyoandika kila asubuhi kwa miaka ishirini na tisa. "Si mazoea tu! Futa, niandike jina."

"Daftari hili halifutwi," alisema Kibiriti, sauti ikiwa chini. "Ungeandika jina, dada. Siku hizi usiandike namba humu ndani. Mimi mwenyewe nasaini kwa jina la ukoo."

Hakupata nafasi ya kumuuliza. Meneja mpya, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko mashine, alikuwa anawakusanya wageni. Akawaingiza ukumbini, akawapanga nyuma ya mstari wa njano. Mashine zote nane zilikuwa zinanguruma. Taa ziliwaka, rola zilizunguka, sakafu ilitetemeka. Wageni waliovaa suti walitikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akapiga picha. Meneja aliwaonyesha maboksi yaliyopangwa mpaka darini, akasema hiyo ni kazi ya zamu ya usiku peke yake.

Mama Gundi alitazama kitu ambacho wengine hawakujua kukitafuta. Rola zilizunguka, lakini hakuna karatasi iliyopita juu yake. Mashine nane zilikuwa zinatafuna hewa. Akavuka mstari wa njano, akapitia nyuma ya mashine ya mumewe, akaweka kiganja kwenye tangi la gundi. Tangi linalofanya kazi huwezi kuligusa, na likizimwa hukaa na joto siku mbili nzima. Hili lilikuwa baridi kabisa. Ndani, gundi ilikuwa imeganda na kufanya vumbi juu, vumbi la miezi.

"Mama, tafadhali, mstari," aliita meneja akitabasamu.

Wakati wageni wanakunywa soda alimrudia Kibiriti. "Nieleze. Usinifiche."

"Mashine zimekufa, miezi saba sasa," alinong'ona. "Zinawashwa mkija nyinyi tu. Maboksi tunayakuta asubuhi, yamepangwa, yamegongwa namba. Karani aliniambia yananunuliwa kwingine kwa bei ya chini, yanaletwa kwa lori, halafu ofisini wanagonga namba za watu waliokwishaondoka, kwa sababu waliokwishaondoka hawana mshahara. Nikamwamini, nikanyamaza, nina watoto."

"Basi ni wizi tu," alisema Mama Gundi, na pumzi ikamshuka. Wizi aliufahamu. Wizi ulikuwa jambo la watu walio hai.

Kibiriti alimtazama kwa huruma. "Dada, lango ni hili moja, na ufunguo ninao mimi. Hilo lori sijawahi kulifungulia."

Wakati wa kuondoka kila mwenye hisa alipewa zawadi, kikombe ndani ya kiboksi kizuri cheupe. Yeye alikipindua kabla hata ya kusema asante. Chini kulikuwa na namba ishirini na mbili, na wino wake ulimchafua kidole.

Jioni ile ile aliwaambia wenzake wauze kila kitu. Aliwaeleza habari za tangi baridi, za mashine zinazozunguka bure. Ya dole hakuwaeleza. Shemeji alikasirika, akasema redio nzima haiwezi kuwa na akili kidogo kuliko kiganja cha mtu mmoja. Mama Gundi hakubishana. Alikileta kile kiboksi, akakiweka kifudifudi juu ya meza. Wote watatu waliijua namba yake. Mwalimu alikunja ripoti yake taratibu.

"Na wewe utauza?" aliuliza muuza dawa.

Kuuza kulikuwa kama kumzika mume mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. "Nitauza," alisema. "Atanisamehe. Alisema kile kiwanda ni sisi, na sisi hatumo tena mle."

Jumanne walikwenda kwa dalali wa hisa, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na kikohozi kidogo. Mwalimu aliuza. Muuza dawa aliuza. Shemeji aliuza huku akisononeka, akitupia macho bei iliyokuwa bado inapanda kwenye skrini ya ukutani. Ikafika zamu ya Mama Gundi. Binti yake alikuwa amekaa pembeni yake, ameshika kopo la biskuti.

Dalali alibofya kompyuta, akasubiri, akabofya tena. "Samahanini. Marehemu alikuwa nani wenu?"

"Marehemu yupi?" aliuliza binti.

"Mwenye hisa hizi. Hapa panaonyesha amefariki. Kampuni yenyewe ndiyo imeleta taarifa. Ijumaa iliyopita, saa nne na robo asubuhi."

"Mama yangu huyu hapa! Si unamwona?"

"Mimi namwona, mdogo wangu. Lakini kampuni imeshamfunga kwenye daftari lao, na mimi siwezi kuuza hisa za mtu aliyefungwa." Alifungua droo haraka, akiona aibu kwa niaba ya mashine yake. "Makosa hutokea. Tunajaza fomu hii kwamba mama yu hai, tunaipeleka, wanarekebisha. Aandike jina lake kamili, aweke na dole gumba. Ni dakika mbili."

Mama Gundi alishika kalamu. Safari hii aliusimamia mkono wake kama mtu anayemsimamia mtoto mtundu. Aliandika jina, lile la kwenye vyeti, herufi baada ya herufi, mpaka likaisha. Kisha akabonyeza dole gumba la kulia kwenye kidau cha wino, akalishindilia kwenye karatasi, akaliinua.

Alama ilikuwa fupi. Haikuwa na ncha.

Alilitazama dole lake. Lilikuwa zima, lina ukucha wake wote, wino umelijaa mpaka juu. Akabonyeza tena kando ya alama ya kwanza, kwa nguvu, na ikatoka fupi vile vile. Dalali alisema huenda wino umekwisha, akaenda kutafuta kidau kingine. Binti aliisogelea karatasi. Yeye aliijua alama ile, maana utotoni baba yake alimbonyeza nayo shavuni kila alipotoka kazini.

Mama Gundi aliufuta wino kwenye upindo wa kanga yake bila haraka. Akachukua hati zake za hisa, akazirudisha kwenye kopo pamoja na mihuri, akalifunga kopo kwa viganja viwili.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema. "Baba yako amekataa."