Muhogo Uitwao Utajuta

Nakumbuka asubuhi ile, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na udongo umelainika, mama mkubwa aliponipokonya jembe mkononi. Hakuniomba, alinipokonya. Nilikuwa bibi arusi wa juzijuzi, mimba ya kwanza tumboni, nikabaki nimesimama katikati ya shamba mikono mitupu huku majirani wakinitazama. Mwanangu, aibu niliyoisikia siku ile sikuwahi kuisahau, ila siku hizi nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kuna nini.

Lakini ngoja nianzie mwanzo. Uzee nao una pupa yake. Ukiwa na jambo la kusema unalishika mkiani.

Shamba letu liko kati ya Madimba na mto Ruvuma. Upande wa juu ni nyumba yetu na njia ya kijiji, ubavuni ni mwitu, na chini kuna mkono wa bahari uliojaa mikoko. Karibu na nyumba imesimama mikorosho aliyoiacha babu. Huko chini, kwenye udongo mwepesi, ndiko kwenye mihogo. Mihogo hiyo aliipanda mama mkubwa Fatu, dada yake mama, ambaye ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Mama mkubwa alivuka Ruvuma akiwa msichana, wakati wa vita vya ng'ambo ya mto. Wenzake walivuka na nguo na masufuria, yeye kichwani kabeba mzigo wa miti ya mihogo, mbegu ya kwao. Watu wakamcheka pale kivukoni, wakidhani ni kuni.

Mbegu yenyewe ni ya muhogo mchungu. Ukiutafuna mbichi utatapika, na ukizidisha wataitwa wa kukuzika. Huliwi mpaka umenywe, uvundikwe, uanikwe ukauke kabisa uwe makopa, kisha utwangwe upate unga wa ugali. Kazi tele! Wanakijiji wakaupa jina la utani, wakauita Utajuta. Maana yake ni kwamba mwizi akiuchimba na kuula, atajuta mwenyewe. Basi jina likashika, hata sisi wenye shamba tukaliita hivyo.

Sasa mwaka ule alitokea mfanyabiashara kutoka Chikongola, mjini, akawa anapita vijijini kutafuta mihogo mitamu, ile ya kuchemsha na ya kukaanga. Mjini watu walikuwa wameongezeka, na kila kona mama mmoja kainamia karai, anakaanga mihogo na kuipaka pilipili. Yule bwana akasema atanunua yote tutakayovuna. Mume wangu Selemani hakulala. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini ukimtajia bei tu, yeye ameshaezeka nyumba bati kichwani mwake.

"Somoe," akaniambia, "huo Utajuta umekaa shambani kama mgeni asiyejua kuaga. Hauuziki, na kazi yake haiishi. Tung'oe wote, tupande mitamu."

Na mimi nilikwisha choka kumenya na kuanika, mgongo unauma, mimba changa inanichosha. Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Kesho yake alfajiri tukaingia shambani, na hatukuwa tumemaliza hata mstari wa kwanza mama mkubwa alipofika na kulichukua jembe.

"Mnang'oa mpaka wapi?" akauliza.

"Wote, mama. Bei ni nzuri, na mnunuzi tunaye."

Aligeuza shingo kuelekea ng'ambo ya mikoko, akainua kidole. "Nyamaza. Unasikia nini?"

Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia, kwa mbali, ko, ko, ko.

"Weye unasikia bei," akasema. "Mie nasikia mashoka. Wale wanafyeka mwitu wapande mikorosho. Sawa, kila mtu anatafuta riziki. Lakini waliokuwa wanakaa humo mwituni, unadhani watahamia Dar es Salaam?"

Alikuwa anasema nguruwe mwitu. Jina lake hakulitaja, mama mkubwa alikuwa mcha Mungu na mnyama huyo hakupenda hata kumpitisha mdomoni. Siku zote alisema "yule mnyama". Na ubaya wake ni huo, mwanangu, kwamba akikumalizia shamba, hata ukimuua huna pa kumpeleka. Humli, na ngozi huitaki.

Basi akatembea akatuonyesha. "Huku upande wa mwitu niachieni mistari hii. Na hapa pembeni msikate, mzungushe mpaka chini, upande wa mikoko nao uachwe," akasema. "Katikati pandeni utamu wenu. Pembeni niachieni uchungu wangu."

"Upande wa mikoko kuna maji, mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya adabu sana. "Mnyama gani atapita majini?"

"Maji yanakupwa, Somoe."

Akanirudishia jembe. Akaondoka hatua chache, akageuka. "Hilo jina mnalolicheka, mnadhani anaambiwa mwizi. Anaambiwa mwenye kung'oa."

Nitakwambia ukweli. Hatukumwachia ile mistari kwa sababu tulielewa. Tulimwachia kwa kuogopa radhi yake. Selemani alinung'unika siku nzima kwamba tunapoteza ardhi nzuri kwa ushirikina wa kizee, na mimi kisebusebu nikamnyamazisha huku moyoni nakubaliana naye. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na methali hiyo sote wawili tuliijua tangu utoto. Kuijua methali ni kitu kimoja, bwana, na kuitii ni kitu kingine.

Mitamu ikaota vizuri. Kipupwe kilipoingia, nikajifungua mtoto wa kike, tukamwita Hadija. Mikorosho ikatoa maua, shamba lote likanukia, na Selemani akaanza tena kuezeka bati zake. Halafu ukungu ukashuka. Ukashuka leo, ukashuka kesho, ukakaa. Salfa, dawa ya mikorosho, tuliipuliza tukiwa tumejifunga vitambaa puani, lakini ugonjwa wa ubwiri unga ulituzidi. Maua yakavaa weupe, yakageuka meusi, yakapukutika. Kila tuliyemuuliza, mpaka ndugu zetu wa Nanyamba, hadithi ilikuwa ileile. Tukajua mwaka ule korosho hakuna. Tegemeo likabaki muhogo, na mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha.

Hapo ndipo wakaja.

Niliamshwa na kilio cha jirani alfajiri. Nilifikiri msiba. Kutoka nje, nikamkuta amekaa katikati ya shamba lake, na shamba ni kama limelimwa na trekta la mwendawazimu. Mihogo imefumuliwa yote, iliyoliwa imeliwa, iliyobaki imekanyagwa. Wa pili yake hivyohivyo. Nikamfunga Hadija mgongoni, nikakimbia kuteremka kwetu. Njiani nilikuwa nahesabu moyoni tutakula nini, na kila nikihesabu napata jibu moja: hatuna.

Nikafika. Kwenye tope la mikoko, bahari ikiwa imekupwa, nyayo za yule mnyama zilikuwa nyingi kama sokoni. Walikuwa wamevuka kutoka ng'ambo, kulekule kwenye mashoka, wakaja moja kwa moja mpaka kwenye shamba letu. Mstari wa kwanza wa Utajuta walikuwa wameufumua. Nikaona muhogo umeng'atwa kidogo na kutupwa. Mwingine umeng'atwa, umetupwa. Mbele kidogo nyayo zimezunguka palepale, zimevurugana, kisha zimegeuka zikafuata ukingo, zikapanda juu kuelekea njiani. Pale kwenye kona ya njia, ambapo uchungu ulikuwa umeishia, walipata mwanya wakala mashina machache ya mitamu. Katikati yote ilikuwa imesimama, majani yana umande.

Nilikaa chini kwenye tope, na nguo yangu safi. Nikasema alhamdulillahi, nikaisema tena. Nililia, mwanangu, na kicheko kikanipata hapohapo, nikawa sijui kipi ni kipi. Pumzi niliyoishusha asubuhi ile, nafikiri nilikuwa nimeibana tangu maua yaanze kudondoka.

Mama mkubwa akanikuta hivyohivyo. Nikainamisha kichwa, nikingojea nisomewe. Asiyesikia la mkuu, na kuendelea. Yeye akanifungua Hadija mgongoni, akampapasa.

"Mtoto amelowa," akasema. "Kamwite mumeo aje aokote hiyo iliyofumuliwa, tuimenye kabla haijaoza."

Ndiyo yote aliyosema. Na Selemani alipokuja akaiona ile mistari, akaanza kuokota mmoja mmoja kwa adabu, kama mtu anayeokota punje za tasbihi iliyokatika.

Yule mfanyabiashara alirudi baadaye, akakuta mashamba mengi ni matupu. Kwetu akanunua, tena bila kuvutana, maana hakuwa na pa kwenda. Hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo najaribu kuwafahamisha vijana. Utajuta haukuuzwa hata muhogo mmoja, lakini ndio uliouza ile mitamu. Na korosho zilipotukosa, ule uliobaki ardhini tuliuchimba kidogokidogo, tukala makopa mpaka mvua zikarudi. Muhogo mtamu ukichelewa kuuchimba unakuwa kamba, au unaoza. Ule mchungu hukaa ukakungoja. Akiba haiozi, wanasema watu, na mimi nimeila akiba hiyo kwa mboga ya kisamvu, na Hadija akanyonya akanenepa mpaka mikono ikafanya mikunjo.

Majirani walikuja kuomba mbegu. Mama mkubwa aliwakatia wote. Ile miti waliyoidhania kuni pale kivukoni sasa iko kwenye mipaka ya mashamba mpaka kule mtoni.

Kwa nini nakueleza haya leo? Kwa sababu ya Bakari, mwana wa huyuhuyu Hadija. Alirudi kutoka mjini mwaka huu na habari za soko, na mbegu mpya nzuri inayokomaa upesi, akasema shamba lote atalibadilisha. Macho yake nikayaona, ni macho ya Selemani matupu. Nilikuwa na maneno mengi kooni, nikayameza, maana kijana ukimfukuza kwa maneno anakimbilia kosa. Miguu yangu nayo hainifikishi tena shambani. Nikawa naswali na kungoja, na usingizi haukunijia vizuri.

Wiki iliyopita Hadija akanipandisha bodaboda, akakaa nyuma yangu akanipakata kama mtoto, tukateremka. Mwanangu! Katikati ni mbegu mpya imejipanga kama wanafunzi. Upande wa mwitu, Utajuta. Kwenye kona, Utajuta. Upande wa mikoko, Utajuta mpaka mwisho, na ile kona ya njia ambayo mimi na babu yake hatukuwahi kuiziba, yeye ameiziba. Hakuna aliyemtuma.

Bakari akaniuliza, anafuta jasho, "Bibi, lakini mbona unaitwa Utajuta, na sisi hatujawahi kujuta?"

"Ndiyo kazi yake hiyo," nikamwambia. Nikaomba maji ya kunywa.

Basi lishike hili. Sikukatazi kufuata bei; bei si adui, mimi mwenyewe paa la nyumba yangu ni bei ya muhogo mtamu. Lakini mtaka yote hukosa yote. Kabla hujang'oa kitu shambani kwa kuwa hakina mnunuzi, uliza kilikuwa kinafanya kazi gani hapo kilipo. Anayekifahamu huenda bado yuko hai, kaa naye akueleze. Mwenzako anapofyeka mwitu, usihesabu miti yake peke yake, fikiri waliotoka humo wanakwenda wapi, kwani hasara ya msitu ina miguu na inaweza kukufikia usipotazamia. Na tumbo la watoto wako usilipeleke lote sokoni. Bakiza kipande cha ardhi kisichojua habari za bei, kikungoje.

Mungu akupe utamu wa kuuza na uchungu wa kukulinda. Mashoka yakilia, akufungue masikio. Na siku mtu atakapokuuliza imekuwaje hukujuta, uwe na mama mkubwa wako wa kumtaja. Amina.