Stéphanie wa Dilala na Karatasi za Uswisi

Jina la Stéphanie lilitoka Uswisi. Mama yake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, mke wa injinia wa mgodi hapa Kolwezi, na binti alipozaliwa akampa jina la bibi yule. Huku Katanga, mtu uliyepewa jina lake ni "majina" wako, na watu huwahesabu ninyi wawili kuwa mtu mmoja.

Bibi huyo alitoka ukoo wa watengeneza chokoleti. Alimsimulia mpishi wake jinsi babu yake alivyoanza: chungu kimoja, kikapu mkononi, na chokoleti iliyokwaruza ulimi kama mchanga, hata majirani wakawa wanamkwepa njiani. Akasaga, akasaga tena, akazeeka. Ni mwanawe aliyekuja kuiona ikilainika. Mama alimrithisha Stéphanie habari hiyo pamoja na namna ya kukaanga kakao.

Sasa Stéphanie ni mjane, hapa mtaa wa Dilala. Hununua kakao ya Beni kwa wachuuzi, huisaga kwa mashine ya kusagia karanga, hutengeneza chokoleti, na watoto wake hula kwa kazi hiyo. Ndiyo maana alifurahi pale mwenye duka Zéphirin alipokubali kuiuza chokoleti yake, kwa kuwa wakubwa wa migodi hununua dukani kwake. Zéphirin alimletea karatasi za kufungia zenye picha ya mlima wa theluji. Chini ya mlima: "Stéphanie, Uswisi, tangu 1911."

"Lakini mi niko wa Dilala, tata," Stéphanie alisema, akimwita baba kwa heshima.

"Majina yako alikuwa wa wapi?"

"Wa Uswisi."

"Na wewe ni yeye. Hata mama yako alikuwa anakuita Madame. Uongo iko wapi?"

Stéphanie alicheka. "Kama mi ni yeye, unisalimie na kofia mukononi."

"Fungia kwanza chokoleti. Nitakusalimia na magoti."

Alishinda na karatasi zile mapajani. Desturi ilimruhusu, na njaa ya watoto ilimsukuma. Kilichomzuia ni yule mzee na kikapu chake. Watu wale walivumilia kukataliwa miaka na miaka mpaka jina lao likaaminika. Yeye angevuna imani hiyo bila kukataliwa hata na mtu mmoja. Asubuhi iliyofuata alizirudisha dukani.

"Jina, majina wangu alinipatia, tata. Miaka ya babu yake hakunipatia."

"Basi uuzishe kwa bale ba Kapata," Zéphirin alisema, akamgeukia mteja mwingine.

Akauza huko Kapata, mtaa wa watu wa kawaida, nje ya kanisa baada ya misa, vipande katika karatasi nyeupe alizoandika mwenyewe: Stéphanie, Dilala. Faida ilikuwa nyembamba. Nyumbani walikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Mama mmoja, Godelieve, alitafuna kipande, akakunja uso.

"Mama, hii yako iko kichungu mubaya. Unaunguzaka kakao."

Chokoleti ya Uswisi asingeisema hivyo. Angemeza na kusifu. Stéphanie aliumia, kisha akaonja. Kweli, ilikuwa imeungua.

"Yenga ijayo nitapunguza moto. Ukuye uonje kisha misa."

"Nitakuya," Godelieve alijibu. "Lakini ya kuonja silipi."