Chandarua Juu ya Lenga-lenga

Juzi nilifika Wamaza kwa pikipiki, matope mpaka magotini, maana siku hizi mimi ni relé wa afya, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuangalia kama watu wanalala ndani ya chandarua. Nyuma ya jiko moja nikakuta chandarua kipya kimetandazwa juu ya miche ya mboga. Mama mwenye nyumba akasema haraka, "Nimekifua tu, dada, kiko kinakauka." Ndugu yangu, uso uliowaka aibu ni wangu, si wake. Uongo huo nilishausikia nikiwa mtoto, uwanjani kwetu Kasongo, kutoka mdomoni mwa koko yangu, mama mzaa mama.

Koko ndiye aliyekuwa muoteshaji wa avenyu nzima. Hatukuwa na shamba karibu. Tulikuwa na uwanja na vyombo vibovu. Bidoni ya mafuta, dumu lililopasuka, aliikata ubavuni ikawa kitalu, karai lililotoboka likapokea bilinganya. Lakini sifa yake ilikuwa lenga-lenga, mchicha wetu, ile ya shina jekundu, ambayo ukiipika na mawese sufuria nzima inageuka rangi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Alizichanganya na mchanga mkavu zisianguke pamoja, akazimwaga kwa vidole vitatu, akafunika na udongo aliouchekecha kwa kikapu kikuukuu. Kazi yangu mimi ilikuwa maji. Nilishika boati ya tomate, kopo tupu lililotobolewa kwa msumari, naye nyuma yangu anagomba: "Pole pole, we mutoto! Usiziamshe kwa makofi!"

Miche ikifika urefu wa kidole, majirani walikuja na sahani zao, naye aliwagawia bure. Ila ukichuma mara ya kwanza, fungu la kwanza ni la Koko. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Basi hakuna aliyejisumbua kuweka mbegu; walichuma, walikula, mwisho waling'oa, wala hawakuacha hata moja itoe maua. Mbegu iko kwa Koko, ndani ya chupa yenye majivu, juu ya moto jikoni. Ya nini kuhangaika?

Msimu mmoja paa la jiko likavuja, chupa ikaingia maji, mbegu zikaoza. Zilizopona zilijaa kiganja tu. Koko akazipanda zote, na kuku wa jirani wakaanza kuizunguka bidoni kama wamealikwa. Siku zile zile tukagawiwa chandarua, kimoja kwa nyumba yetu. Koko akakigeuza mkononi, akatutazama mimi na mdogo wangu, akasema, "Nyinyi muna ngozi. Hizi hazina." Akakifunga juu ya bidoni kwa kamba ya mgomba. Siku chache tu, alisema, mpaka zipate nguvu.

Mdogo wangu akashikwa na homa. Muganga wa kituo cha afya akaja, na nyuma yake watoto na mama za watu, maana muganga akiingia kwenu kila mtu ana shughuli ya kupita hapo.

"Mama, mustikere iko wapi?"

"Nimeifua. Iko inakauka."

Muganga akazunguka nyuma ya jiko, akashika ncha, akakivuta chote. "Mutoto anaungua na malaria, weye unalalisha mboga ndani ya mustikere!"

Watu walicheka, ee, hata wale waliokula miche yake miaka yote. Na muganga alikuwa na haki. Hilo ndilo liliniuma. Koko, ambaye sijawahi kumwona akiinamia mtu, aliinama kuokota boati ambayo haikuanguka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulipokumbuka bidoni, kuku walikuwa wameshaimaliza miche yote.

Mdogo wangu akapona, tukalala chini ya chandarua kilichonuka samadi. Shuleni wakaniita mjukuu wa Koko Mustikere, nikawa napita nyuma ya nyumba ili nisionekane. Koko naye hakutoka. Mama alimwomba: "Mama, jirani wa ng'ambo bado iko na lenga-lenga nyekundu, ile uliyomupa mwezi uliopita. Muombe aache michache itoe maua, mbegu isipotee."

"Niende na uso gani?" Koko akajibu. "Wamenicheka, halafu nikawaombe kitu nilichowapa mimi?"

Jioni moja yule jirani akaja mwenyewe, anatembea taratibu, macho chini. Nadhani aliona haya kwa kile kicheko. Alibeba fungu kubwa, amelifunga vizuri, mizizi ameshaikata. "Koko, ni za mwisho, nimezing'oa zote nipande muhogo. Nikasema zije kwako."

Koko alizipokea kwa mikono miwili. Angeweza kusema sina tena mbegu, mwanangu, umefanya nini? Lakini aliona aibu. Alisema, "Aksanti sana," akaingia jikoni.

Nimeshaiulizia mbegu ile Kasongo yote, Kabambare, mpaka sokoni Nyangwe. Lenga-lenga ya kijani imejaa, nyekundu ile hakuna anayeijua. Lile fungu la mwisho tulilila jioni ile na ugali wa muhogo. Koko hakugusa. Ilikuwa tamu, na mimi niliomba kuongezewa.