Pipa Lisilokauka

Walimwita Mama Upawa, kwa kuwa alitembea na upawa wa mpini mrefu, akichota maji nyumba hadi nyumba kutafuta viluwiluwi wa mbu. Alijitolea kwa miaka sita chini ya bwana afya. Kiangazi kilipokaza na mabomba kukauka wiki ya tatu, bwana afya alimwambia apumzike.

"Hakuna mvua, hakuna dimbwi. Utachota nini, mama? Vumbi?"

"Nitachota kwenye mapipa."

"Fomu haina sehemu ya mapipa."

Akaenda bila fomu. Mvua ikikosekana watu huweka maji ndani, na mbu wa homa ya kidingapopo hupenda maji safi yaliyotulia. Joto nalo huwakuza upesi. Tena bintiye, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amepanga chumba kwa mwanamke fundi cherehani, hatua tatu kutoka pipa la wapangaji wote. Wawili kati yao walikwisha kulala na homa.

Jumatatu alifunua gunia lililofunika pipa, akachota. Viluwiluwi wakacheza ndani ya upawa.

"Fundi, tazama. Hawa wiki ijayo wana mabawa. Tumwage maji, tusugue pipa."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Tumwage? Shoga, nimepanga foleni tangu alfajiri. Nikimwaga, utanikamulia mawingu?"

"Lilisuguliwa lini mara ya mwisho?"

"Lisuguliwe la nini? Likipungua tunajazia."

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Mbu huyo hutaga mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai huvumilia ukavu. Kila wapangaji walipojazia, maji yaliyafikia mayai, nayo yakaanguliwa. Walikuwa wanafuga mbu kwa zamu. Mama Upawa alieleza hayo yote, na kwamba mbu huyo huuma mchana.

"Eti mbu anauma mchana!" mpangaji mmoja akadakia. "Huyo mbu hana kazi?"

Wakaangua kicheko. Bintiye akamvuta pembeni. "Mama, basi. Hawa ndio ninaoishi nao."

"Basi njoo ukae kwangu."

"Na mume wangu nimwache na nani?"

Alirudi Jumatano, akarudi Jumamosi, pipa halijaguswa. Siku ya kumi alifika na ndoo nne tupu, uso umemvimba kwa hasira.

"Hatumwagi hata tone. Fundi, nipe kitambaa tuchuje."

Fundi akatoa kitambaa. Wakachuja maji ndooni, wakalisugua pipa hadi likalia, wakayarudisha. Fundi akakata kitambaa chepesi, akakitia mpira ukingoni, pipa likavaa kofia.

Siku mbili baadaye binti aliamka anachemka, macho yakimuuma kwa nyuma. Kipimo kikaonyesha kidingapopo. Alilazwa siku tano. Mimba ikasalimika, lakini mwenyewe alibaki amekonda kama ufito.

Fundi alikuja wodini, mikono kifuani. "Pole, mwenzangu. Lakini si tulisugua?"

"Tulisugua siku ya kumi. Mimi nilisema siku ya kwanza."

Fundi akainama. Akasema, "Nimewashonea majirani vifuniko viwili."

"Wamevitumia?"

"Mmoja amefunika. Mwingine amekifanya pazia."

Mama Upawa aliinuka.

"Nyumba ipi?" akauliza.